Historia ya Kompyuta Mpakato za Biashara: Kwa Nini Nyingine Zinatengenezeka Nyumbani na Nyingine Hazitengenezeki

Hapa tumezoea kuzungumza juu ya mbegu, viuatilifu, maghala na bei za mazao. Leo tuzungumzie chombo kingine cha kazi ambacho kimeshaingia vijijini: kompyuta mpakato, au laptopu kama wengi tunavyoiita.

Kila msimu wa mauzo ukiisha, swali hili hunijia: "Afisa, nimeona kompyuta ya mtumba, ninunue?" Muuzaji wa pembejeo anataka kuweka orodha ya madeni. Katibu wa AMCOS anataka kuandika kilo za kila mwanachama. Mwenye mashine ya kukoboa anataka kujua mwezi gani umempa faida. Wengi wao huangalia bei, ukubwa wa kioo na kama mashine inang'aa. Wachache sana huuliza swali ambalo ningependa liwe la kwanza: ikiharibika, inafunguka? Na kile kipande kilichokufa, kinatoka peke yake?

Fikiria jembe lako. Mpini ukivunjika hutupi jembe, unachonga mpini mwingine, unapiga kabari, unarudi shambani. Kompyuta za biashara nazo zilitengenezwa kwa fikra hiyo kwa miaka mingi. Baadaye zikaanza kuiacha kidogo kidogo, na sasa baadhi zinairudia. Kwa hiyo mwaka ambao kompyuta ilitoka kiwandani unakueleza mengi kuhusu kitakachotokea siku itakapogoma. Ndiyo maana leo naanza na historia, kisha nitamalizia na kazi ya mikono.

MWANZO: KOMPYUTA YA KUBEBA KAMA GUNIA

Mwaka 1981 huko Marekani ilitoka kompyuta iliyoitwa Osborne 1. Ilikuwa miongoni mwa kompyuta za kwanza za kubebeka kuuzwa kwa wingi, lakini neno "kubebeka" lisikudanganye. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, kioo chake kilikuwa cha inchi 5, na haikuwa na betri ndani. Iliuzwa dola 1,795. Ulikuwa unabeba sanduku, unafika, unachomeka kwenye umeme.

Mwaka huohuo, mwezi Agosti, kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani, IBM PC. Jambo la kukumbuka ni kwamba IBM iliiunda kwa kutumia vipande vingi vilivyokuwa tayari sokoni, tena ikauza kitabu cha ufundi kilichoonyesha michoro ya ndani ya mashine. Viwanda vingine vikaweza kutengeneza kadi na vipande vya kuingia humo. Fundi naye akaweza kufungua, kusoma na kubadilisha. Hapo ndipo kompyuta za ofisini zilipopata tabia ya kuwa mkusanyiko wa vipande vinavyobadilishika.

Mwaka 1982 ikatoka GRiD Compass, iliyochorwa na Mwingereza Bill Moggridge. Hii ndiyo iliyoleta umbo tunalolijua leo, la kioo kujikunja juu ya kibodi kama kitabu. Bei yake ilizidi dola 8,000, kwa hiyo wateja wake walikuwa serikali na makampuni makubwa. NASA, shirika la anga la Marekani, lilikuwa mmoja wa wateja hao.

Unaona kwamba tangu mwanzo mteja wa kompyuta mpakato hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa ofisi yenye fedha, na ofisi ina mahitaji yake.

1992: MASHINE NYEUSI ILIYOTOKA JAPANI

Oktoba 1992 IBM ilitangaza kompyuta mpakato iliyoitwa ThinkPad 700C. Kazi kubwa ya uhandisi ilifanyika katika maabara ya IBM huko Yamato, Japani, chini ya mhandisi Arimasa Naitoh. Umbo lake lilichorwa na Mjerumani Richard Sapper, ambaye alichukua wazo kutoka kwenye sanduku jeusi la chakula la Kijapani: nje ni boksi tupu, ukifungua unakuta kila kitu kimepangwa mahali pake. Katikati ya kibodi waliweka kidude chekundu cha kusogezea mshale, ambacho kipo kwenye ThinkPad nyingi hadi leo. Kioo chake kilikuwa cha rangi, inchi 10.4, na bei ilikuwa dola 4,350. Mwaka 1993 ThinkPad ilisafiri na chombo cha Endeavour katika safari ya kwenda kukarabati darubini ya anga ya Hubble.

Viwanda vingine vilikuwa kwenye mbio hizohizo. Dell ilianza kuuza Latitude mwaka 1994. Toshiba ilikuwa na Tecra. Baadaye sana, mwaka 2008, HP ikaleta EliteBook. Haya ndiyo majina utakayoyakuta sana kwenye meza za mitumba, na yote yanatoka kwenye ukoo mmoja: kompyuta zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuziwa ofisi.

KWA NINI OFISI ZILITAKA MASHINE INAYOFUNGUKA

Fikiria kampuni yenye wafanyakazi 5,000, kila mmoja na kompyuta yake. Kila wiki kuna kibodi zitakazokufa, kuna kioo kitakachopasuka, kuna mtu atakayemwaga kahawa. Kampuni hiyo haiwezi kusubiri mashine isafirishwe kiwandani na kurudi, kwa sababu mfanyakazi anakaa bure na mshahara unaendelea. Tena ndani ya mashine kuna siri za biashara ambazo haitaki zitoke nje.

Kwa hiyo wanunuzi wakubwa waliweka masharti. Fundi aje palepale ofisini na bisibisi yake. Diski itoke haraka ili ibaki mikononi mwa mwenyewe. Betri itoke kwa kusukuma kitasa tu. Kila kipande kiwe na namba yake, na namba hiyo iagizwe kwa miaka kadhaa baada ya mashine kuacha kutengenezwa.

Viwanda vilikubali kwa sababu mteja wa kompyuta 5,000 hapuuzwi. Vikaandika vitabu vya matengenezo vinavyoonyesha kila skrubu, urefu wake, na hatua za kufungua kwa mpangilio. Vitabu hivyo vya ThinkPad, Latitude na EliteBook vinapatikana bure kwenye tovuti za kampuni zenyewe hata leo. Ukiandika namba ya modeli yako kwenye intaneti pamoja na maneno ya kitabu cha huduma, unaweza kukipakua kwenye simu na kukisoma huku mashine iko mezani.

Kompyuta za nyumbani hazikuwa na bahati hiyo. Mnunuzi wa moja moja hana nguvu ya kuweka masharti, naye huvutwa na rangi na bei. Ndiyo sababu mashine ya nyumbani na ya ofisi za mwaka mmoja zinaweza kufanana kwa nje, lakini ndani moja imefungwa kwa vidoa vya plastiki vinavyovunjika na nyingine kwa skrubu sita zilizopangwa vizuri.

Hapa mkulima anayejua ushirika ataelewa haraka. Wauzaji wakiwa wengi na kila mmoja peke yake, mnunuzi ndiye anayepanga bei. Wakiungana wanapanga wao. Ofisi kubwa ziliungana bila kujua kwamba zinatuungia na sisi, maana mashine zile ndizo zinazotufikia baadaye.

VIPANDE VINAVYOOANA

Kufunguka peke yake hakutoshi. Lazima kipande kipya kiingie. Kama kila kiwanda kingekuwa na diski ya umbo lake, tungekwama.

Mwaka 1988 ilitoka diski ya kwanza ya inchi 2.5, na ukubwa huo ukawa wa kawaida kwenye kompyuta mpakato kwa zaidi ya miaka 20. Kuanzia mwaka 2003 ikaingia aina ya kiunganishi kinachoitwa SATA. Matokeo yake ni kwamba kompyuta ya mwaka 2010 iliyokuja na diski ya zamani ya kuzunguka inaweza kupokea diski ya SSD iliyonunuliwa mwezi huu, kwa umbo lilelile na plagi ileile.

Upande wa RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi, viwanda vilikubaliana vipimo kupitia chombo chao cha viwango kiitwacho JEDEC. RAM ya DDR3 ilipitishwa mwaka 2007, DDR4 ikafuata, na DDR5 ikatoka mwaka 2020. Vizazi hivi haviingiliani. Kila kimoja kina pengo lake mahali tofauti ili kisiingie kwenye nafasi ya kingine. Kipande kikigoma kuingia usikisukume kwa nguvu, kwani huenda umenunua kizazi kisicho chake.

2005: WACHINA WANAINUNUA

Desemba 2004 IBM ilitangaza kuuza kitengo chake cha kompyuta binafsi kwa Lenovo, kampuni iliyoanzia Beijing mwaka 1984. Biashara ilikamilika Mei 2005. Watu wengi walihofia kwamba ThinkPad ingekuwa bidhaa hafifu. Lakini maabara ya Yamato iliendelea na kazi, na vitabu vya matengenezo viliendelea kutolewa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba yenye nembo ya IBM ndiyo halisi na ya Lenovo ni feki, mjibu kwa upole kwamba ni ukoo uleule uliobadilisha mwenye mji.

Mwaka 2006 kulitokea jambo la kutufundisha kuhusu betri. Kampuni ya Dell iliwaita wateja warudishe betri milioni 4.1 zilizotengenezwa na Sony kwa sababu ziliweza kupata joto kali na kuwaka moto. Lenovo na IBM nao wakaita betri zaidi ya 500,000. Angalia sasa: kwa kuwa betri za wakati huo zilitoka kwa kusukuma kitasa, mteja alichomoa ya hatari na kuletewa nyingine kwa posta. Kompyuta yenyewe haikuondoka nyumbani.

2008 HADI 2019: WEMBAMBA UNAKULA SKRUBU

Januari 2008 Steve Jobs wa Apple alisimama mbele ya watu na kutoa kompyuta ndani ya bahasha ya karatasi. Ilikuwa MacBook Air. Watu walishangilia wembamba wake. Ndani, RAM ilikuwa imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi kuu, na betri haikutengenezwa ili mteja aitoe mwenyewe.

Wembamba ukawa mashindano. Mwaka 2012 Lenovo ikatoa ThinkPad X1 Carbon, mashine ya ofisi iliyo nyepesi sana, nayo RAM yake ililehemiwa kwenye bodi. Mwaka 2013 ikaja T440s ambayo RAM ya GB 4 ilikuwa imelehemiwa na nafasi moja tu ikabaki ya kuongeza.

Wahandisi walijaribu kushika kote kuwili kwa muda. Kuanzia mwaka huo 2013 baadhi ya ThinkPad zilikuwa na betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa nyuma. Uliweza kuchomoa ya nyuma na kuweka nyingine bila kuzima kompyuta. T480 ya mwaka 2018 ilikuwa na mpango huo, pamoja na nafasi mbili kamili za RAM. Lakini mwaka uleule ndugu yake mdogo, X280, akatoka na RAM yote iliyolehemiwa, wakati X270 ya mwaka uliotangulia ilikuwa na nafasi ya RAM na betri ya nje. Mwaka 2019 T490 ikaondoa betri ya nje kabisa, na nafasi moja ya RAM ikageuka ya kulehemiwa.

Tuwe waadilifu. Wembamba una faida yake. Mtu anayepanda bodaboda kila siku na kompyuta mgongoni anafurahia kilo moja kuliko mbili na nusu, na kipande kilicholehemiwa hakilegei kwa mtikisiko. Ubaya unakuja siku RAM ya GB 4 inapokuwa haitoshi, au inapokufa. Mwenye nafasi ya kuchomeka ananunua kipande. Mwenye iliyolehemiwa ananunua kompyuta.

WATU WANADAI HAKI YA KUFUNGUA

Upande wa pili nao haukulala. Mwaka 2003 wanafunzi wawili wa chuo huko California, Kyle Wiens na Luke Soules, walianzisha iFixit. Wiens alikuwa na kompyuta ya Apple iliyoharibika, akatafuta kitabu cha kuitengeneza, hakukipata. Wakaanza kufungua mashine, kupiga picha kila hatua, na kuziweka bure kwa watu wote huku wakiuza vipuri na zana. Pia wakaanza kuzipa mashine alama kati ya 0 na 10 kulingana na urahisi wa kuzitengeneza.

Mwaka 2021 kampuni ya Framework ya Marekani ikaanza kuuza kompyuta mpakato nyembamba ambayo karibu kila kipande chake hutoka kwa bisibisi moja. Ikaonekana kwamba wembamba na kufunguka vinaweza kukaa pamoja. Mwaka 2024 Lenovo ilishirikiana na iFixit kwenye ThinkPad T14 Gen 5. Nafasi mbili za RAM zikarudi, betri ikawa rahisi kutoa, na mashine ikapewa alama 9 kati ya 10. Umoja wa Ulaya nao umepitisha kanuni inayotaka, kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa katika mambo machache maalumu.

Kwa nini hayo yatuhusu sisi wa huku? Kwa sababu ofisi za nje hukaa na kompyuta miaka mitatu au minne hivi, kisha huziondoa zote kwa pamoja. Nyingi hupita kwa wafanyabiashara wa mitumba, baadhi kupitia Dubai, hadi Kariakoo, na kutoka Kariakoo hadi duka la mji wako. Kilichoamuliwa huko leo kitakuwa mezani kwako baada ya miaka michache.

UTUMIE VIPI HISTORIA HII UNAPONUNUA

Kwanza, soma modeli na mwaka wake kabla ya kusifia kioo. Mashine za ofisi kama T470 na T480 zina nafasi mbili za RAM. Kuanzia T490 na T14 ya kwanza ya mwaka 2020, sehemu ya RAM imelehemiwa. Hizo si mbaya, ila hakikisha kiasi kilichomo kinatosha au ile nafasi moja ni nzima. Kwa zile ambazo RAM yote imelehemiwa, nunua yenye GB 8 au zaidi, maana hutaongeza tena.

Pili, angalia prosesa. Msaada wa Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel kwa kawaida inataka kizazi cha 8 au cha baadaye. Namba ni rahisi kusoma: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-7300U ni cha 7. T480 yenyewe iliuzwa na aina zote mbili, kwa hiyo usiamini jina la nje peke yake. Mashine ya kizazi cha nyuma bado inafanya kazi ukiiwekea Linux, programu endeshi ya bure iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991.

Tatu, jaribu kuingia kwenye BIOS kabla ya kutoa fedha. Washa na ubonyeze F1 kwenye ThinkPad, F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, rudisha mashine mezani. Ofisi ziliweka nywila hizo kuzuia wizi, nazo haziondoki kirahisi.

KAZI YA MIKONO NYUMBANI

Kabla ya yote, nakili madaftari yako kwenye flashi au diski ya nje, kisha fungua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine uhakikishe inasomeka. Kompyuta hununuliwa tena. Orodha ya madeni ya wateja 60 hainunuliwi.

Zima kabisa, chomoa chaji, toa betri ya nje. Kama ni ThinkPad yenye betri ya ndani, ingia BIOS, sehemu ya Config, kisha Power, uchague kuzima betri ya ndani. Fanya kazi juu ya meza safi, na gusa chuma kikubwa kama fremu ya dirisha ili umeme tuli utoke mwilini. Chora umbo la mgongo wa kompyuta kwenye karatasi na uchomeke kila skrubu mahali pake kwenye mchoro. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa bodi.

1. Diski. Kama mashine ina diski ya kuzunguka, kuweka SSD ndiyo kazi inayobadilisha mengi kwa gharama ndogo. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na mkono unaotafuta, ndiyo maana kuwaka huchukua dakika nyingi na kuanguka huiua. SSD haina kinachozunguka. Ukinunua, linganisha umbo na ile iliyomo: ya inchi 2.5, au ile nyembamba kama kipande cha rula iitwayo M.2. Kwa M.2 soma kitabu cha modeli yako, kwa sababu kuna ya SATA na ya NVMe na si kila mashine inakubali zote.

2. RAM. Soma maandishi kwenye kipande kilichomo, ununue kizazi hichohicho. Kiingize kwa mlalo, kisha kibonyeze chini hadi vishikizo vya pembeni vilie. Kompyuta ikigoma kuwaka, mara nyingi hakijakaa sawasawa, kwa hiyo kitoe na ukirudishe.

3. Vumbi. Vijijini hili ni adui namba moja, hasa karibu na mashine za kukoboa. Kompyuta inayopata joto na kuzima mara nyingi imeziba feni. Ondoa vumbi kwa brashi laini huku umeshika feni isizunguke. Usiipeleke kwenye pampu ya upepo ya fundi pancha, kwani presha yake ni kubwa na hewa ile hubeba maji. Ukitoa kipoza joto chenyewe, lazima usafishe ile dawa ya kijivu iliyoko juu ya prosesa na upake mpya.

4. Betri. Ikishindwa kutunza chaji, tafuta mpya kwa namba ya kipande, si kwa kufananisha macho. Ikivimba, acha kuitumia siku hiyohiyo. Usiitoboe, usiikunje, usiitupe motoni wala kwenye shimo la taka. Kumbuka zile milioni 4.1 za mwaka 2006. Kama imegundishwa ndani na imevimba, mpe fundi.

5. Kibodi na bawaba. Kibodi za ThinkPad nyingi za miaka ya nyuma hutoka kwa skrubu chache za chini. Bawaba ikianza kulegea ikaze mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni kioo kizima.

Mambo ya kumwachia fundi ni kulehemu kwenye bodi kuu, tundu la chaji lililong'oka kwenye bodi, na mashine iliyomwagikiwa maji. Ya maji izime, chomoa kila kitu, na usijaribu kuiwasha uone kama inafanya kazi. Umeme kupita kwenye maji ndio huchoma bodi.

KWA KUMALIZIA

Katika miaka zaidi ya 40 tangu Osborne ya kilo 11, kompyuta imekuwa nyepesi, ya haraka na ya bei nafuu. Lakini swali la nani ana ruhusa ya kuifungua limekuwa likivutwa huku na huku. Kompyuta zilifunguka pale wanunuzi wakubwa walipodai, zikafungwa pale wanunuzi walipopenda wembamba, na zinafunguka tena kwa sababu watu wamedai. Mnunuzi wa mtumba naye anadai kwa njia yake, kila anapoikataa isiyofunguka na kuchukua inayofunguka. Wauzaji wa Kariakoo huleta kinachonunuliwa.

Basi safari ijayo ukiwa mezani kwa muuzaji, igeuze kompyuta kifudifudi kwanza. Hesabu skrubu, soma modeli, uliza RAM inachomekwa au imelehemiwa. Ukipata inayofunguka, ya nyuma kidogo na yenye mikwaruzo, mara nyingi itakufaa misimu mingi kuliko ile inayong'aa.